Mafuta Yanayovuja katika Motere ya Kusaga Mahindi

Ninyi watu wa migini iliyo pembeni ya migodi ya Katanga, somo hili ni lenu. Katika migini mingi kuna motere ndogo ya mazuti inayozungusha mashini ya kusaga mahindi. Pale inapofanya kazi vizuri, mama haamki tena usiku kutwanga, na mutoto wa kike anapata nafasi ya kwenda masomo. Wafanyakazi wa migodi ya Likasi, Kolwezi na Kipushi wanakula bukari siku zote. Kwa hiyo mugini wenye mashini nzima unapeleka unga sokoni, lakini mugini wenye motere iliyokufa unauza mahindi matupu kwa bei anayoitaka mwenye kamyo.

Basi muende sasa kuangalia chini ya motere yenu. Mukiona pale mahali peusi penye kuloa, musiseme, "Ni desturi ya motere." Desturi ya motere ni kukaa kavu upande wa nje na kuloa upande wa ndani. Tutawafundisha namna ya kutafuta mahali mafuta yanapotoka, na kazi gani mutu wa mugini anaweza kuifanya yeye mwenyewe, na kazi gani ataiacha kwa fundi.

Motere tunayoisema hapa ni ile ya silinda 1. Nyingine ni ya kulala, yenye sanduku la maji juu yake, namna ya S195 inayotoka China, yenye nguvu ya farasi 12. Nyingine ni ya zamani, ya kusimama, yenye magurudumu mawili mazito, namna ya Lister ya Uingereza. Hiyo ya Lister ilianza kutengenezwa mwaka 1929 katika muji wa Dursley, na kwa sababu inazunguka polepole, mara 600 ao 650 kwa dakika, ziko zilizofanya kazi miaka mingi sana. Zote mbili zinafanana katika jambo la mafuta: tumbo la chuma liko chini, ndani yake mna mafuta, na mafuta yanarushwa ao yanasukumwa juu ili chuma kisikwaruze chuma. Mafuta yanafanya pia kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Yanabeba moto kutoka katika vyuma vya ndani, na yanabeba uchafu.

Tone moja kwa sekunde

Mutu atasema, "Tone moja ni nini?" Tuhesabu pamoja naye. Tone 1 kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa. Kwa kazi ya saa 8 ni matone 28,800. Matone kama 25 ya mafuta ya motere yanajaza mililita 1. Basi kwa siku moja motere hiyo imetupa zaidi ya lita 1 chini. Na tumbo la motere ndogo lina lita chache tu! Kama mwendesha mashini akisahau kupima asubuhi mbili, siku ya tatu mafuta hayafiki tena juu. Kwanza motere inapata moto kupita desturi. Kisha inaanza kugonga, ko ko ko, kama mutu anayepiga mulango. Mutu asipoisimamisha wakati ule, chuma laini kilicho katikati ya mukono wa pistoni na muti unaozunguka kinayeyuka, ao pistoni inashika ndani ya silinda. Hapo si kazi ya mugini tena, na bei yake inapita bei ya gunia nyingi.

Kuna hasara nyingine. Mafuta yanayofika katika mukanda yanaufanya uteleze. Gurudumu linazunguka lakini mawe ya kusaga yanachelewa, na mupira wa mukanda unavimba na kuoza. Mafuta yanayodondoka juu ya bomba la moshi yanaweza kuwaka moto, na katika nyumba ya kusaga unga mwembamba unajaa kila pahali. Tena unga ulioingiwa na mafuta ya motere si chakula. Musiwape watu, musiwape kuku, musichanganye na unga mwingine ili usionekane.

Kujua ni kitu gani kinachovuja

Vitu vitatu vinaweza kutoka katika motere: mafuta ya kulainisha, mazuti na maji. Chukueni kidogo katikati ya vidole viwili. Mafuta ni mazito, yanateleza sana, na kama yamefanya kazi siku nyingi ni meusi. Mazuti ni mepesi na harufu yake inapanda puani mara moja. Maji munayajua. Dondosheni tone juu ya karatasi: maji yatakauka, mazuti yatatanda mbali upesi, mafuta yatabaki katikati na alama nyeusi.

Halafu mupime kwa kijiti cha chuma cha kupimia mafuta. Motere iwe imesimama, iwe imekaa sawasawa, isilale upande mumoja, na mungoje dakika 10 ili mafuta yote yashuke. Pangusa kijiti, kiingize, kitoe, uangalie. Mafuta yawe katikati ya alama mbili. Yakiwa chini ya alama ya chini, ongezeni. Yakipita alama ya juu, hilo pia ni baya, na tutasema sababu yake.

Kama mafuta yamekuwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Kama mafuta yanapanda kila siku bila mutu kuyaongeza, na ni mepesi na yananuka mazuti, basi mazuti yanaingia tumboni. Katika mambo haya mawili musiwashe motere tena. Mwite fundi. Motere yenye tumbo lililojaa kupita kipimo inaweza kuanza kunywa mafuta yake yenyewe na kukimbia pasipo kusikia; hata ukifunga mazuti haisimami. Ikitokea hivyo, fungeni kinywa cha kuvutia pumzi kwa ubao mpana, wala si kwa mukono, na watu wote watoke upande wa magurudumu.

Osheni kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanaona tone chini, wanachukua ufunguo, wanakaza bulo la chini. Kesho tone lipo tena. Tusikie namna mwendesha mashini mumoja anavyoweza kuzungumza na fundi muzee:

"Baba fundi, nimekaza bulo la chini mpaka mukono wangu unauma. Mafuta bado yanatoka."

"Mwanangu, umeosha motere?"

"Hapana, baba. Inavuja tu, haina kosa la uchafu."

"Basi umejuaje kwamba yanatoka pale chini? Mafuta hayapandi, yanashuka. Tena gurudumu lako lina upepo. Upepo unayasukuma mpaka upande wa pili. Huenda kidonda kiko juu kwenye kifuniko cha vali, na wewe unafunga kitambaa muguuni."

Fundi ana haki. Fanyeni hivi. Simamisheni motere, ngojeni ipoe kabisa, toeni mukanda. Zibeni kinywa cha pumzi na kinywa cha kutilia mafuta kwa kitambaa safi, ili uchafu usiingie. Chukueni mazuti kidogo katika kopo na burashi, lainisheni ule uchafu wote wa mafuta na vumbi la unga. Kisha osheni kwa maji ya moto na sabuni, pangusa, acheni ikauke. Musitumie esanse kwa kazi hii. Mvuke wake unashika moto kwa mbali, na nyumba ya majani haingoji.

Motere ikikauka, chukueni pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wanaujua, iliyokauka na kusagwa iwe laini kama unga. Ipakeni kwa kitambaa kikavu mahali pote ambapo chuma kinakutana na chuma: kifuniko cha juu, mulango wa ubavuni, mahali muti unapotokea nyuma ya gurudumu, bulo la kumwaga mafuta, mabomba madogo. Vueni vile vitambaa mulivyozibia. Washeni motere, iende bila mukanda kwa dakika 15. Simamisheni, mwangalie kwa taa. Pemba ni nyeupe. Pale mafuta yanapotoka itakuwa ya rangi ya udongo wenye mvua. Fuateni alama ile kwenda juu, mpaka mahali pa juu kabisa penye kuloa. Hapo ndipo penye kidonda. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na inaokoa pesa nyingi kuliko ufunguo wowote.

Mukitaka kujua ukubwa wa ugonjwa, tieni kopo chini ya tone kwa siku nzima ya kazi, na jioni mupime kwa chupa. Kijiko kimoja kwa siku: motere inaweza kuendelea huku munatafuta kitu cha kuitengeneza. Robo lita kwa siku: tengenezeni juma hili. Kama ni chupa nzima, isisage tena mpaka imepona.

Pua ya motere

Kabla ya kulaumu karatasi na pete, mwangalie pua. Kila motere ina pahali pa kupumua tumboni. Pistoni ikishuka inasukuma pumzi iliyo tumboni, na pumzi ile inatoka kwa tundu moja dogo. Katika motere nyingi kuna ulimi mwembamba wa chuma pale, unaoacha pumzi itoke na kuizuia isirudi. Basi, kama tundu lile limejaa vumbi la unga na mafuta makavu, ao kama ulimi umevunjika, ao mutu ameurudisha kinyume, pumzi inakosa njia. Inafanya nini? Inatafuta njia nyingine, na inasukuma mafuta kupita kila mahali pa udhaifu. Mutu anaweza kununua pete mpya mara tatu, na zote zitavuja, kwa sababu ya tundu moja lililozibwa na unga.

Fungueni pua, osheni kwa mazuti, mwangalie kwamba ulimi unalala sawasawa na haukupindika, rudisheni kama ulivyokuwa. Katika nyumba ya kusaga kazi hii ifanyike kila mwezi. Sisi tungeweka mlinzi mbele ya pua hiyo kama ingewezekana, kwa kuwa inasababisha matata mengi na haipati heshima yoyote.

Sababu nyingine nyepesi ni mafuta kupita kipimo. Mwendesha mashini mwenye woga anajaza mpaka juu, akisema, "Yakiwa mengi ni salama." Si kweli. Muti unaozunguka unayapiga, yanakuwa povu, pumzi inapanda, nayo yanatoka. Mwageni mpaka alama.

Kukaza mabulo

Pemba ikionyesha kwamba mafuta yanatoka katikati ya kifuniko na motere, jaribuni kwanza kukaza. Lakini kukaza kuna adabu yake. Musianze na bulo moja na kulimaliza. Kazeni moja kidogo, kisha lile linalolielekea upande wa pili, kisha mengine, kama mutu anayefunga mizigo minne juu ya kinga asiiangushe. Zungukeni mara mbili ao tatu. Tumieni ufunguo mufupi na mukono mumoja. Musiweke bomba katika ufunguo ili kuongeza nguvu! Kifuniko cha aluminiumu kinapindika, bulo linakatika ndani ya chuma, karatasi inaminywa mpaka inatoka nje. Mabulo ya kichwa cha silinda musiyaguse kabisa kwa sababu ya kuvuja. Yana kipimo chake cha nguvu, na fundi ana chombo cha kukipima.

Bulo la kumwaga mafuta, lililo chini kabisa, lina pete ndogo ya shaba. Watu wanalikaza kila mara, na bado linadondosha. Sababu ni hii: shaba iliyominywa mara nyingi inakuwa ngumu, haikubali tena kulala juu ya chuma. Hapo musihitaji kununua. Wafua shaba wa zamani wa inchi hii, Basanga na Bayeke, walijua kwamba shaba ikipigwa inakuwa ngumu na moto unairudisha kuwa laini. Wasingeweza kuvuta nyuzi za shaba bila kujua hilo. Fanyeni vilevile. Mwageni mafuta katika chombo safi, toeni pete, ifungeni katika waya, itieni katika makaa mpaka iwe nyekundu kidogo mukiiangalia kivulini. Itupeni katika maji. Ngozi nyeusi iliyo juu yake muiondoe kwa muchanga laini ao majivu, iwe safi na bapa. Sasa ni laini, itashika. Lakini mwangalie vizuri kwanza kama ni shaba kweli: pete ya aluminiumu, iliyo nyeupe na nyepesi, haigeuki nyekundu, inayeyuka tu.

Kukata karatasi ya kuziba

Kama kukaza hakukusaidia, karatasi iliyo katikati ya vyuma imekwisha. Ya mulango wa ubavuni na ya kifuniko cha vali munaweza kuikata ninyi wenyewe. Tafuteni karatasi ngumu ya kazi hiyo katika maduka ya vyuma mujini, ni afadhali. Kwa mulango mudogo usio na nguvu ya mafuta, karatasi ngumu isiyo na mikunjo inaweza kusaidia kwa siku kadhaa, ikiwa imelowekwa katika mafuta ya motere. Maboksi yenye mawimbi ndani yake hayafai.

Toeni mabulo na kuyapanga juu ya ubao kama yalivyokuwa, kwa sababu marefu na mafupi hayabadilishani. Ondoeni karatasi ya zamani. Musitumie patasi wala tupa. Mukikwaruza uso wa chuma, mustari mumoja tu unatosha kupitisha mafuta. Tumieni kipande cha muti mugumu kilichochongwa ao kipande cha shaba. Lowesheni karatasi ya zamani kabla ya kuikwangua, wala musipulize vumbi lake. Katika motere za zamani karatasi hizo zilikuwa na asbesto, nalo vumbi la asbesto likiingia kifuani halitoki, na baada ya miaka mingi linaleta ugonjwa mubaya. Zibeni tumbo kwa kitambaa safi ili vipande visianguke ndani, na kabla ya kufunga, muhesabu vitambaa mulivyoingiza.

Sasa wekeni karatasi mpya juu ya kifuniko, na kwa nyundo ndogo pigeni polepole kwenye ukingo wa chuma mpaka ukingo wenyewe ukate karatasi. Matundu ya mabulo yakatwe kwanza mawili, mutie mabulo yashike karatasi isitembee, kisha mumalize mengine. Mukimaliza, linganisheni na ile ya zamani: kama kuna tundu dogo katika ya zamani ambalo halishiki bulo, ni njia ya mafuta. Mukilisahau, mafuta hayatapita na motere itakufa huku haivuji hata tone.

Jambo moja mulishike sana. Karatasi ya kifuniko kinachobeba muti mukubwa, upande wa gurudumu, si ya kuziba tu. Unene wake ndio unaopima nafasi ya muti kutembea kwenda na kurudi. Mukiweka nene zaidi, muti utacheza. Mukiweka nyembamba, utabanwa na kuwaka. Hiyo inunuliwe ya kipimo kilekile, na mutu wa kuiweka awe fundi. Ya kichwa cha silinda vilevile. Hakuna karatasi ya nyumbani inayovumilia moto wa pale.

Pete ya mupira

Mahali muti unaozunguka unapotoka nje ya tumbo kuna pete ya mupira yenye ulimi mwembamba na chemchemi ndogo ya waya. Ikikaa miaka mingi ulimi unakauka na kupasuka. Pemba yenu ikiloa nyuma ya gurudumu, na pua ni safi, na mafuta ni ya kipimo, basi ni pete hii.

Kuondoa gurudumu zito ni kazi ya watu wanne na chombo cha kulivutia. Musilipige kwa nyundo. Wengine watamwita fundi, nasi hatuwakatazi. Lakini kununua pete ni kazi yenu. Juu ya pete kuna namba tatu zilizoandikwa: upana wa tundu, upana wa nje na unene, zote kwa milimita. Musinunue kwa macho. Chukueni pete ya zamani, ama muandike namba zile tatu katika kitabu kabla hazijafutika.

Fundi akija, simameni karibu muone mambo matatu. Kwanza, aupitishe ukucha wake juu ya muti mahali pete inapogusa. Kama ukucha unakwama katika mufereji, pete mpya itavuja kama ya zamani, na lazima aiweke mbele kidogo ama nyuma kidogo iguse mahali laini, kama nafasi ipo. Pili, upande wenye chemchemi ya waya uangalie ndani, kwenye mafuta. Tatu, apake mafuta kwenye ulimi kabla ya kuiingiza, na aisukume kwa kipande cha muti kilicho sawa, polepole, pande zote pamoja. Pete iliyoingia upande ni pete iliyoharibika.

Dawa za uwongo

Watu watawaambia kupaka sabuni, ao udongo, ao ugali wa muhogo juu ya mahali panapovuja. Sabuni ngumu inaweza kuzuia tundu dogo la tanki ya mazuti mpaka mufike nyumbani, hilo ni kweli. Lakini juu ya motere yenye moto inayeyuka, na inawafanya muamini kwamba kidonda kimepona. Kuna pia gundi ya mupira inayouzwa katika mirija. Si mbaya ikitiwa nyembamba kama uzi juu ya chuma kikavu kisicho na mafuta. Lakini mafundi wengi wanaipaka kama siagi juu ya mukate. Inayozidi inaminyika ndani, inakatika, inaogelea katika mafuta mpaka kwenye chujio, na inaziba. Nje panakuwa safi na pazuri. Ndani motere inakufa.

Wengine wanatia mafuta ya mawese tumboni kwa sababu ya motere ya duka kuwa ghali. Musifanye. Mawese ni chakula kizuri, na hata ni chakula cha motere akitengenezwa kwa akili: mwaka 1937 mwalimu Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi kwa namna ya kuyageuza yawe kama mazuti, na mwaka 1938 basi lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Lakini kule yaliwaka na kwisha. Tumboni yanapikwa siku nyingi, yanakuwa kama gundi, na asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6 yanaganda. Nunueni mafuta ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha motere yenu, wala musichanganye na yale meusi yaliyomwagwa kutoka katika kamyo.

Mafuta meusi

Mafuta yaliyomwagika sakafuni, yamwagieni majivu ao maranda ya mbao, yafagieni yakishanyonywa, myazike mbali na kisima. Vitambaa vilivyolowa visirundikwe ndani ya nyumba ya kusaga. Vinaweza kushika moto kwa ajili ya cheche ndogo tu ya bomba.

Mafuta ya zamani ya motere yana sumu. Musiyapake katika vidonda, wala katika ngozi ya mbuzi mwenye upele, wala katika nguzo za ghala la chakula ili kufukuza muchwa, ingawa zamani wengi walifanya hivyo. Mwendesha mashini aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na asivae kila siku nguo ileile iliyoloa mafuta mapajani, kwa kuwa ngozi inayokaa katika mafuta meusi miaka mingi inaweza kupata ugonjwa wa kansa. Musiyamwage katika muto. Migodi imeshaharibu mito ya kutosha katika inchi hii. Sisi wa mashamba tusiongeze. Yatieni katika bido lenye kifuniko, liandikeni alama ili mama asilitumie kwa maji, na mumpe mwenye kamyo alipeleke kwa garage mujini.

Na kwa kuwa tunasema juu ya nyumba ya kusaga: moshi wa motere utoke nje kwa bomba refu, na milango iwe wazi. Moshi ule unaweza kuua mutu, hasa usiku, wakati mwendesha mashini anapolala karibu na motere ili ailinde.

Kitabu cha kutundikwa

Piga musumari ukutani, mutundike kitabu kidogo na kalamu kwa uzi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mwendesha mashini aandike siku, kimo cha mafuta katika kijiti, na kiasi alichoongeza. Asiyejua kuandika achore mustari mumoja kwa kila kikombe. Mwisho wa juma mukubwa wa mashini ahesabu. Juma hili vikombe 2, juma lililopita vikombe 2: motere ni ileile. Juma hili vikombe 5: kuna kidonda kipya, muoshe motere na mutafute pemba. Na kama vikombe vinaongezeka lakini chini ni kavu kabisa, mafuta hayavuji, yanaungua ndani. Mwangalie moshi, utakuwa wa rangi ya samawati. Fungueni kifuniko cha kutilia mafuta kidogo wakati motere inatembea polepole: pumzi ikitoka kwa nguvu pamoja na moshi, pete za pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi, na afadhali aitwe katika miezi ya 1 na 2, kabla mahindi mapya hayajakauka, kuliko katika mwezi wa 5 wakati wanawake wote wamepanga magunia mlangoni.